Ganzi ya pua: upulize, uweke pamba au uchome sindano?

Mgonjwa wa kwanza niliyemshika pua peke yangu alikuwa mtu wa makamo, mvuvi, aliyetokwa damu tundu la kushoto kila asubuhi kwa wiki nzima. Nilikuwa bado mwanafunzi. Nilimpulizia lignokaini mara tano, nikasubiri kama nilivyofundishwa, nikachukua kipanuzi cha pua. Chuma hakijavuka hata vinyweleo, akanidaka mkono. "Kijana wangu," akasema, "hiyo ganzi umempulizia nani?"

Swali lake lilikuwa sahihi kuliko alivyojua mwenyewe. Ndani, pua ilikuwa imekufa ganzi. Pale mlangoni, nilipobana kwa chuma, palikuwa pazima, kwa sababu pale pana ngozi kavu isiyonyonya dawa upesi, na ngozi hiyo ina neva yake mbali na zile nilizozilenga. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza dawa ipi ya ganzi ni kali zaidi kwa pua, namrudishia swali: unataka kugusa wapi?

Ninaandika kwa ajili ya tabibu wa kituo cha afya, muuguzi wa chumba cha dharura na daktari aliye kwenye mwaka wa mazoezi, yule ambaye chupa ya kupuliza iko mkono huu, bakuli la pamba liko pale, na sindano iko kwenye trei, na hajui aanzie wapi. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba atapigwa ganzi ya pua naye asome. Atajua la kuuliza.

## Tunapima kwa nini

Kila njia nitaipima kwa mambo matano. La kwanza, na ndilo linaloamua zaidi, ni neva zinazofikiwa. La pili ni muda: ganzi inashika baada ya dakika ngapi na inakaa kiasi gani. La tatu ni dozi na hatari. La nne ni vifaa na wepesi wa mkono unaohitajika. La tano ni mgonjwa mwenyewe: anaipokeaje. Baada ya hayo nitasema njia hiyo inamfaa nani.

Kuhusu dozi, tukubaliane mapema. Lignokaini, ambayo chupa nyingine huandikwa lidokaini, ilitengenezwa na mkemia wa Sweden Nils Löfgren mwaka 1943, na hadi leo ndiyo dawa ya ganzi utakayoikuta karibu kila dirisha la dawa. Ikiwa peke yake mimi sivuki miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Ikichanganywa na adrenalini kwa kuchomwa, kikomo kinachotajwa vitabuni hufika miligramu 7 kwa kilo. Asilimia moja ni miligramu 10 katika kila mililita. Kwa hiyo ya asilimia 2 ina 20, ya asilimia 4 ina 40. Mgonjwa wa kilo 60 ana miligramu 180 za kuchezea: mililita 9 za asilimia 2, au mililita 4 na nusu tu za asilimia 4. Nimeona watu wakimimina bakuli bila kupiga hesabu hii, kisa "si sindano". Utando ute wa pua umejaa mishipa ya damu, na dawa iliyowekwa juu yake hufika kwenye damu upesi sana.

## Ramani ya neva, kabla ya chochote

Maumivu, mguso na mwasho wa ndani ya pua hubebwa na neva ya tano ya ubongo, trijemini. Ina matawi makuu matatu, na pua inahudumiwa na mawili: tawi la jicho, yaani oftalmi, na tawi la taya la juu, yaani maksila. Fikiria nyumba iliyounganishwa umeme kutoka nguzo mbili. Ukikata waya wa nguzo moja, vyumba vya upande wa pili bado vinawaka.

Nguzo ya kwanza iko mbele na juu. Tawi la jicho hutoa neva ya nasosilia, nayo hutoa neva ya ethmoidi ya mbele. Safari yake ni ya kuzunguka kwelikweli: inaondoka kwenye tundu la jicho, inapenya mfupa, inachungulia ndani ya fuvu juu ya lile bamba lenye vitundu kama chekeche, ndipo inateremka puani kwa mwanya mdogo ulio paani. Ikishafika, tawi moja linashuka kwenye kiwambo, ule ukuta wa kati. Jingine linashuka ukuta wa pembeni. Na uzi wa mwisho unatokeza nje chini ya ukingo wa mfupa wa pua, unaishia kwenye ngozi ya ncha. Ndiyo maana mkanda wa jeshi ukitoa malengelenge kwenye ncha ya pua, unalihofia jicho la upande ule: vyote viwili ni matawi ya shina moja. Daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson alilieleza hilo katika karne ya 19, na dalili hiyo bado inabeba jina lake.

Ipo pia ethmoidi ya nyuma, lakini ni ndogo, watu wengine hawana kabisa, na kwa kazi zetu za kila siku haitusumbui.

Nguzo ya pili iko nyuma. Tawi la maksila linapita katika shimo dogo nyuma ya taya, na hapo limening'iniza fundo la neva liitwalo ganglia ya pterigopalatini, ambalo Johann Friedrich Meckel alilieleza mwaka 1748. Kutoka hapo matawi yanaingia puani kwa tundu la sfenopalatini, lililo nyuma tu ya mkia wa konka ya kati. Konka ni vile vigongo vitatu vya nyama vinavyotokeza ukuta wa pembeni. Baadhi ya matawi yanasambaa kwenye ukuta huo. Moja, neva ya nasopalatini, linavuka paa, linashuka mshazari juu ya kiwambo hadi mbele, linapenya sakafu na kutokea kinywani, nyuma ya meno mawili ya mbele ya juu. Cotugno na Scarpa, Waitaliano wa karne ya 18, waliifuatilia neva hii kwa kisu, na wapo wanaoiita neva ya Scarpa mpaka leo.

Sehemu ya nyuma na chini ya ukuta wa pembeni hupata vijitawi kutoka neva kubwa ya kaakaa. Mbele, chini, karibu na sakafu, kuna msaada wa neva ile ile inayohudumia meno ya mbele ya juu. Kisha mlango wa pua, pale penye vinyweleo, na ngozi ya bawa la pua: hapo ni neva ya chini ya tundu la jicho, infraobiti. Ndiyo iliyomfanya mvuvi wangu anidake mkono.

Mishipa mikubwa ya damu inafuata njia hizo hizo: ateri ya ethmoidi ya mbele kwa juu, ateri ya sfenopalatini kwa nyuma. Kwa hiyo dawa ya kubana mishipa ukiiweka penye mlango wa neva, umeiweka pia penye mlango wa damu.

Neva za kunusa ni habari nyingine. Zinashuka paani kupitia lile chekeche na hazibebi maumivu, ila ganzi ikizifikia mgonjwa atapoteza harufu kwa muda mfupi. Mwambie mapema, asije akadhani umemharibu.

## Kupuliza

Neva zinazofikiwa. Chache kuliko watu wanavyodhani. Dawa ya pampu ya mkono hutua zaidi mbele: kichwa cha konka ya chini na kiwambo cha mbele. Kule juu inakoingia ethmoidi ya mbele, na kule nyuma penye tundu la sfenopalatini, hufika kidogo, hasa pua ikiwa imevimba. Inachoganzisha ni ncha za neva zilizo chini ya matone, wala si shina. Nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvutwa, inaifikisha mbali zaidi, mpaka kooni.

Hata hivyo, kupuliza kusidharauliwe. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kupuliza puani, mchanganyiko wa tetrakaini ya ganzi na oksimetazolini ya kubana mishipa, kwa ajili ya kuganzisha meno ya juu kabla ya kuzibwa. Puani! Kama umesoma ramani hapo juu hutashangaa: neva za meno hayo zinapita jirani na sakafu ya pua.

Muda. Inashika kati ya dakika 2 na 5, inakaa kama nusu saa.

Dozi na hatari. Chupa ya asilimia 10 hutoa miligramu 10 kila mbofyo. Mtu mzima wa kilo 60 anafika kikomo kwa mibofyo 18, na si rahisi kufika huko. Mtoto wa kilo 12 anafika kwa mibofyo mitatu na kidogo. Hapo ndipo watu hukosea. Dawa inayoteremka kooni huganzisha koo pia, kwa hiyo mgonjwa asile wala kunywa kwa saa moja, maana anaweza kupaliwa bila kukohoa.

Vifaa na mkono. Chupa na taa. Mtu yeyote aliyefundishwa mara moja anaweza. Kosa la kawaida ni kuelekeza ncha ya chupa kwenye kiwambo. Elekeza nyuma na pembeni kidogo, kama unalenga sikio la upande huo huo.

Mgonjwa anavyoipokea. Inachoma sekunde chache, machozi yanatoka, halafu uchungu kooni. Wengi wanalalamikia ladha kuliko maumivu.

Inamfaa nani. Kazi ya haraka, ya kupita tu: kuingiza mpira wa kulishia, kuchungulia mbele, au kutangulia pamba ili pamba yenyewe isiume.

## Pamba au gozi iliyoloweshwa

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na nakiri hivyo mapema ili usome sehemu hii kwa tahadhari.

Neva zinazofikiwa. Mashina yote mawili, ukiziweka mahali pake. Kipande cha kwanza unakipeleka juu, sambamba na mgongo wa pua, mpaka kiguse paa nyuma ya mfupa wa pua: hapo ni ethmoidi ya mbele. Cha pili unakipeleka nyuma, kati ya kiwambo na konka ya kati, mpaka mkia wa konka hiyo: hapo dawa inapenya utando kuelekea tundu la sfenopalatini. Cha tatu, kama utafanya kazi chini, unakilaza sakafuni chini ya konka ya chini. Mgonjwa akikuambia nyuma ya meno ya mbele ya juu pamekufa, furahi: nasopalatini imeshikwa. Mlango wenye ngozi, hata hivyo, unabaki mzima.

Muda. Dakika 10 hadi 15, na hapa ndipo njia hii inaposhindwa mikononi mwa wenye haraka. Pamba iliyokaa dakika 3 ni kupuliza tu kwa njia ya taabu. Ikishika vizuri inakupa nusu saa na zaidi, hasa ikichanganywa na dawa ya kubana mishipa.

Dozi na hatari. Hesabu yote iliyo kwenye bakuli, kisha kamua kila kipande kabla hujakiweka, kisichuruzike kooni. Kwa kubana mishipa tunatumia zailometazolini, au adrenalini iliyoyeyushwa. Pamba ya namna hii ina historia ndefu. Carl Koller alipoonyesha Vienna mwaka 1884 kwamba kokeini inaganzisha jicho, wataalamu wa pua na koo waliifuata haraka, kwa sababu kokeini inaganzisha na kubana mishipa kwa wakati mmoja. Mwaka 1947 Moffett alitoa mchanganyiko wake wa kokeini, adrenalini na bikaboneti ya sodiamu, ukawa mazoea ya kizazi kizima cha wapasuaji wa pua. Leo lignokaini na dawa ya kubana zinatosha kwa kazi zetu nyingi, bila makelele ya moyo wala kufuli la kabati la kokeini.

Mwenye shinikizo la juu la damu au ugonjwa wa moyo, punguza au acha adrenalini. Na pamba ziwe na uzi, uzi ubaki nje, uzihesabu ukiingiza na ukitoa. Pamba iliyosahaulika puani inanuka baada ya siku chache, na mgonjwa atakurudia akiwa na hasira ya haki.

Vifaa na mkono. Kibano cha bayoneti, kipanuzi, taa ya kichwani na subira. Kiwambo kikiwa kimepinda sana, au kukiwa na vinyama puani, kipande cha nyuma hakipiti. Damu ikitiririka, inaisafisha dawa kabla haijafanya kazi. Mwombe mgonjwa apenge mabonge kwanza, kisha weka.

Mgonjwa anavyoipokea. Kuingizwa kunasumbua, hasa kile kipande cha juu. Pulizia kwanza, subiri dakika 2, ndipo uweke. Wengine wanapiga chafya na kukurudishia kila kitu mapajani. Unaanza upya.

Inamfaa nani. Mtu mzima au kijana anayeweza kukaa kitako robo saa, anayehitaji kuunguzwa mshipa unaovuja damu, kutolewa kitu kilichokwama, au kufanyiwa upasuaji mdogo ndani.

## Sindano

Hapa neno moja linabeba mambo matatu tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakoleta ugomvi usio na maana kati ya wanaosifu sindano na wanaoiogopa.

Neva zinazofikiwa. Ya kwanza ni kuziba neva ya infraobiti, kupitia ufizini juu ya jino la chonge au kupitia shavuni, pale ambapo neva inatokeza kama sentimita moja chini ya ukingo wa tundu la jicho. Inaganzisha bawa la pua, mlango wake, mdomo wa juu na mara nyingi meno ya mbele. Ya pili ni kuchoma papo hapo: chini ya utando wa kiwambo, au chini ya ngozi ya mgongo wa pua ili kuushika ule uzi wa ethmoidi unaotokeza nje. Ya tatu ni kuifuata ganglia yenyewe, kwa kupitia tundu la kaakaa karibu na magego ya juu. Greenfield Sluder wa Marekani aliandika kuhusu maumivu ya ganglia hii na kuitibu kwa dawa mwaka 1908, na bado inashughulikiwa kwa ajili ya maumivu sugu ya kichwa na kutuliza damu ya nyuma ya pua.

Muda. Dakika 2 hadi 5, na ikichanganywa na adrenalini inakaa saa moja hadi mbili au zaidi. Hakuna njia nyingine inayokaribia hapo.

Dozi na hatari. Kiasi ni kidogo, mililita 1 au 2 kila mahali, kwa hiyo hatari ya kuzidisha dozi ni ndogo kuliko bakuli la pamba. Hatari iko kwenye mahali. Vuta bomba nyuma kabla ya kusukuma, kila mara. Dawa ikiingia kwenye mshipa, mgonjwa atakuambia midomo inawaka ganzi, masikio yanavuma, mdomoni kuna ladha ya chuma, na baada ya hapo degedege. Njia ya kaakaa iko jirani na tundu la jicho: sindano ikizama mno, mgonjwa anaweza kuona viwili viwili au kupoteza kuona. Kuichoma ethmoidi ya mbele kwa kupitia kona ya ndani ya jicho kuna hatari ya damu kujaa nyuma ya jicho. Hizo mbili si za kujifunzia kwa kusoma makala, hata hii.

Vifaa na mkono. Vifaa ni rahisi: sindano nyembamba na bomba. Kujua mahali ndiko kazi. Infraobiti inajifunzika kwa kusimamiwa mara chache, na daktari wa meno wa hospitali yako huenda ameichoma mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote hapo, mwombe akuonyeshe.

Mgonjwa anavyoipokea. Vibaya kwa sekunde 20, vizuri kwa saa nzima. Ya ufizini inavumilika kuliko ya shavuni, hasa ukipaka jeli ya ganzi kwanza. Ya kiwambo inauma kweli isipotanguliwa na pamba.

Inamfaa nani. Anayeshonwa bawa la pua, anayerudishiwa mfupa, au anayepasuliwa kwa muda mrefu kuliko pamba inavyoweza kubeba.

## Na kama hakuna hata moja?

Kuna wanaofaa kuachwa bila ganzi kabisa. Kwa kuchungulia pua kwa endoskopu nyembamba inayopindika, tafiti zilizokusanywa pamoja hazikuonyesha kwamba kupuliza ganzi kunampunguzia mgonjwa usumbufu kiasi cha kulipia ule uchungu wake kooni. Kirija chembamba, mafuta kidogo, mkono wa taratibu na maneno ya kumtuliza hufanya kazi nzuri.

Upande wa pili kuna nusu kaputi. Mtoto anayepigana, mgonjwa aliyechanganyikiwa, kitu kilichozama nyuma ambacho kikisukumwa kitaangukia njia ya hewa: hao hawahitaji ganzi kali zaidi. Wanahitaji chumba cha upasuaji na mtu wa kulinda njia ya hewa.

## Kwa hali iliyo mbele yako

Mpira wa kulishia kwa mtu mzima aliye macho: pulizia tundu lililo wazi zaidi na koo, subiri dakika 3 kwa saa mkononi, paka jeli, sukuma mpira ukifuata sakafu, usielekeze juu. Akiwa ameumia kichwa na unashuku ufa sakafuni mwa fuvu, achana na pua. Lile chekeche linaweza kuwa limevunjika na mpira ukaingia pasipofaa. Pitia mdomoni.

Damu ya mbele, ile ambayo wazee wa pwani wanaiita muhina: chanzo mara nyingi ni eneo la Little, chini mbele ya kiwambo, ambapo matawi ya nguzo zote mbili yanakutana. Pamba moja iliyokaa vizuri hapo kwa dakika 10 inatosha, kisha unguza mshipa kwa nitrati ya fedha upande mmoja tu, maana ukiunguza pande zote mbili mahali pamoja unakaribisha tobo la kiwambo. Kuhusu mlango usio na ganzi, fungua kipanuzi juu na chini, usikifungue kuelekea kiwambo, na ukiegemeze kwenye bawa. Hicho ndicho nilichopaswa kumfanyia yule mvuvi, na hakihitaji dawa hata tone.

Damu ya nyuma inayotiririka kooni: kama unaweza, weka pamba ya mkia wa konka ya kati kabla ya kupaki, yaani kuishindilia pua gozi ili damu ikome, kwa sababu kupaki bila ganzi ni mateso ambayo wagonjwa hawayasahau. Kama damu haikupi nafasi, paki haraka, toa dawa ya maumivu, mpeleke rufaa.

Mfupa wa pua uliopinda baada ya ngumi au bodaboda: pamba ndani kwa mashina mawili, sindano nje kwenye mgongo wa pua na infraobiti pande zote. Njia moja peke yake haitoshi, kwa sababu unagusa ndani na nje. Fanya uvimbe ukishapungua, lakini kabla ya wiki mbili kwa mtu mzima, mfupa haujashika.

Damu iliyojaa ndani ya kiwambo baada ya kuumia, ikionekana kama uvimbe laini pande mbili: hii ni dharura, gegedu linakufa bila damu yake. Pamba, kisha sindano ndogo chini ya utando, kisha ichane na kuikamua leo hii hii.

Kidonda cha kushona kwenye bawa: infraobiti. Kupuliza hapo ni kujifariji. Jipu la mlango wa pua nalo usilichome sindano katikati wala kulikamua. Vena za eneo hilo zina njia ya kurudi mpaka ndani ya fuvu.

Uko peke yako, hujawahi kuchoma infraobiti, na mgonjwa si wa dharura: pulizia na pamba zinakupeleka mbali, na ukiona haitoshi, andika barua ya rufaa yenye kueleza ulichojaribu na kiasi cha lignokaini ulichotumia, ili anayempokea asianze hesabu upya kutoka sifuri.

Mtoto mdogo aliyejitia punje ya hindi, ushanga au maharage: kabla ya ganzi yoyote jaribu busu la mama. Mama au baba anaziba tundu lililo zima, anafunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wake kama anambusu, anapuliza kwa nguvu mara moja, na mara zaidi ya nusu kitu kinaruka chenyewe. Isipotoka, na mtoto ametulia, pulizia mbofyo mmoja au miwili kulingana na kilo zake, tumia ndoano isiyo na ncha kali. Kikiwa betri ndogo ya saa au ya kidude cha kuchezea, ganzi isikucheleweshe hata kidogo: betri hiyo inaunguza kiwambo ndani ya saa chache. Piga simu sasa hivi kwa wanaoweza kuitoa leo, wala usimpangie kliniki ya kesho.